Kipara cha Lụa

Tulikuwa tumekwisha kuchoma ubani wa kufungua upigaji wa tamthilia, na nguruwe wa sadaka alikuwa ameanza kuvutia nzi, ndipo Bibi Thắm alipoviona vitana.

Vilikuwa vitana vya plastiki, rangi ya waridi, vimepangwa mezani pamoja na vioo vidogo na maganda ya kuoshea nywele yaliyofungwa kwa uzi mwekundu. Watu wa mapambo walivinunua kwa nia njema kabisa. Wasichana waliokufa wakitengeneza barabara ya milimani ya Trường Sơn wakati wa vita hupelekewa vitana na vioo, na makaburi yao yamejaa vitu hivyo. Msichana amekufa hajaolewa, basi angalau ajipambe huko aliko. Hakuna aliyefikiri mara mbili.

"Nani kaweka hivi?" akauliza Bibi Thắm.

"Ni vya kina dada waliotangulia, Bibi," nikamjibu kwa sauti ya chini, maana mwongozaji alikuwa bado ameinama na vijiti vya ubani mikononi. "Vya Dada Lụa hasa. Si tamthilia ni yake?"

"Lụa alikuwa na kipara."

"Bibi?"

"Kipara, we mtoto. Mnampa mwenye kipara kitana? Mnamsuta? Basi kipofu naye mpelekeeni miwani!"

Fundi wa taa aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Bibi Thắm akavizoa vitana vyote, akavitia mfukoni, kisha akaenda kwenye meza ya kahawa na kurudi na kopo zima la sukari. Akalitua mbele ya ubani.

"Haya," akaiambia hewa. "Kula, mwizi wewe. Leo hakuna wa kukufukuza."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, shahada ya historia, na niliamini kwamba tamthilia moja ya kweli inaweza kuwafundisha vijana kuliko rafu nzima ya vitabu. Bado naamini. Nilipopata kazi katika kundi lile nilimpigia mama simu nikilia kwa furaha. Mwongozaji wetu, Trực, akanikabidhi kigoda, mwavuli, na Bibi Thắm.

"Kazi yako, Miên," aliniambia, "ni kuhakikisha mshauri wetu anafurahi. Na anafurahia mbali."

Bibi Thắm alikuwa mshauri wa mambo ya vita. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na minane alifukia mashimo ya mabomu milimani, yeye na wenzake wa kikosi, ili malori yapite usiku kwenda kusini. Katika kikosi chao alibaki yeye tu. Mwandishi mmoja alikwenda kumhoji kijijini kwake, akanywa chai yake, akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akarudi mjini akaandika jambo jingine kabisa. Katika maandishi yake, Lụa ndiye nyota: mrembo, nywele hadi kiunoni, na mwishoni anakufa na bendera mkononi. Thắm naye yumo. Ni msichana mlafi wa kuchekesha watu, anayekula viazi nyuma ya wenzake.

"Hilo la viazi ni kweli," Bibi alikiri. "Mengine mwandishi kayaota."

Nilimwekea kigoda mbali, kama nilivyoagizwa. Lakini sauti ya Bibi Thắm ilikuwa imezoea kushindana na ndege za Wamarekani.

"Mbona nguo zimepigwa pasi? Pasi tuliichomeka wapi, kwenye mti?"

"Katisha!" Trực alipiga kelele. Wakaanza upya. Wasichana wakashika majembe, bomu likalipuka nyuma yao, moto wa rangi ya chungwa ukapanda juu kama ua.

"Hilo si bomu, hilo ni jiko la mafuta limemwagika! Bomu halina moto mzuri hivyo. Bomu ni matope. Unakula matope, unatema matope, wiki nzima unapenga matope."

"Katisha! Miên!"

"Bibi, tafadhali," nikamnong'oneza.

"Nimekaa kimya mimi. Hiyo ni pumzi tu imetoka na maneno."

Siku nyingine walipiga tukio la kazi ya usiku. Saa nne asubuhi. Jua linawaka, waigizaji wamekunja macho. Bibi akaniuliza kama jua lile yeye peke yake ndiye analiona.

"Usiku watautia baadaye, Bibi. Kwa kompyuta."

"Watautia baadaye? Loo! Laiti tungejua inawezekana, tungemwambia rubani asubiri."

Wafanyakazi walimpenda. Fundi wa taa alikuwa akimletea chai ya majani mabichi na kumchokoza makusudi: "Bibi, leo vipi? Tumekosea wapi?" Naye akimjibu, "Mnivulie suruali." Kumbe walifanya kazi mvua ikinyesha bila suruali, gizani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mbili tu, na suruali mbichi huotesha ukurutu mahali pabaya. "Matako ya kikosi kizima yalikuwa yanang'aa gizani," alisema. "Andikeni hilo kama mna ubavu." Hakuna aliyeliandika. Mimi nilicheka hadi nikaona haya, kisha nikawaza: wasichana wale walikuwa na umri chini ya wangu.

Basi ikafika siku ya tukio la kijito. Lụa ameketi juu ya jiwe, amezifungua nywele, anazichana taratibu huku akimwaza dereva wa lori. Thục Khuê, mwigizaji aliyemwigiza Lụa, alikuwa na nywele zile unazoziona kwenye mabango ya njia kuu, kwa sababu ni kweli zilikuwa kwenye mabango ya njia kuu. Alikuwa na mkataba na kampuni ya sabuni ya nywele.

Bibi Thắm hakupiga kelele. Aliinuka kwenye kigoda, akatembea hadi mbele ya kamera, akasimama hapo.

"Bibi, uko ndani ya picha," Trực akasema.

"Najua. Mwanangu, nguo nimewaachia. Mabomu nimewaachia. Usiku wa mchana nimewaachia. Hili siachi. Lụa alishikwa na malaria, nywele zikanyonyoka. Mnyoe huyu."

Thục Khuê akashika nywele zake kwa mikono miwili kama mtu aliyetishiwa kuibiwa mkoba.

Trực hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akamwelekea Bibi kama mjukuu. "Bibi, nisikilize. Watu wanatazama tamthilia wakiwa wanakula. Tukiwaonyesha magonjwa watahamia kwenye mashindano ya nyimbo. Mimi nataka nchi nzima imlilie Lụa. Na watu hawamlilii mtu asiyependeza."

"Mimi nilimlilia."

Mtu wa sauti, aliyekuwa ameshika kipaza sauti juu ya vichwa vyao, alikishusha chini pole pole. Trực akatangaza chakula, ingawa ilikuwa bado asubuhi.

Nilimpeleka Bibi kwa mama wa tambi, kwenye kona ya barabara. Hakugusa bakuli lake, jambo ambalo lilinitisha kuliko kelele zake zote.

"Bibi, ni nywele tu," nikasema. Nilijuta mara ile ile.

"Una picha ya mama yako kwenye simu?"

"Ninazo nyingi."

"Mimi ya Lụa sina hata moja. Kwao waliikosa. Nyumba yao ilichomwa na bomu, na mama yake alikufa akiniuliza mimi mwanawe alikuwa anafananaje alipokuwa mkubwa. Sura yake iko hapa tu." Akajigonga kichwani kwa kijiti cha kulia. "Na hapa panavuja, mjukuu wangu. Jana nilimsahau jina mkwe wangu. Sasa fikiria: huyo msichana wa sabuni anaingia kila nyumba, kila jioni, anaitwa Lụa. Wakirudia mara mbili mara tatu, hata mimi nitafumba macho nitamwona yeye. Wamarekani walimuua mara moja. Nyie mnataka kunifutia."

Nilikuwa nimeandika chuoni karatasi nzima juu ya kumbukumbu ya taifa, na haikuwa na sentensi moja kama ile.

Nilirudi kwa Trực nikamwambia yote. Alisugua uso. Akamwita Toại, fundi wa vipodozi, akamuuliza kama kipara kinaweza kutengenezwa bila mtu kunyolewa. Toại akasema anaweza kutengeneza chochote, na kufikia jioni alikuwa amemvalisha Thục Khuê kofia ya mpira ya rangi ya ngozi, akaipaka poda, akapanga kingo zake kwa uangalifu mkubwa. Tukakusanyika. Thục Khuê akatoka kwenye hema, amejikaza, macho chini.

Bibi Thắm akamtazama. Akamzunguka. Kisha akaanza kutikisika mabega, na mimi nikadhani analia.

"Yai!" akasema alipopata pumzi. "Yai la kuchemsha! Mtawa kapotea njia ya hekalu!"

Watu wote walicheka, hata Toại. Bibi alijifuta machozi. "Sivyo, mwanangu, sivyo. Malaria hainyoi hivyo, malaria haina wembe. Inanyonyoa kama mtu aliyekasirika. Hapa kuna kishungi, hapa hakuna, hapa vinyweleo vitatu vimesimama kama vinamngoja mtu. Alikuwa kama kuku aliyetoroka katikati ya kunyonyolewa."

Thục Khuê hakucheka. Aling'oa ile kofia ya mpira, akaingia hemani, na nilipomfuata nilimkuta amekaa chini analia kwa hasira.

"Namwendea huyu bibi kesho asubuhi," aliniambia. "Ama ananifundisha, ama anaacha kunicheka."

Kulipokucha alimwendea kweli, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, nywele zake amezifunga kwenye taulo. Bibi alikuwa anakata kucha za miguu.

"Shikamoo Bibi. Nywele siwezi kunyoa. Nikinyoa watu wa sabuni wananishtaki, na nina baba mgonjwa. Lakini nimesoma tamthilia nzima na simjui mtu ninayemwigiza. Nieleze."

"Nikueleze nini?"

"Alikuwa anachekaje?"

Bibi akaweka chini kikata kucha. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumuuliza hilo, wala mwandishi, wala mimi.

"Vibaya," alisema. "Kama bata anayekabwa. Na jino la mbele hakuwa nalo, kwa hiyo alikuwa anafunika mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilitokea puani. Alikuwa anaiba sukari ya madereva. Unajua tulivyokuwa tunawaongoza? Malori hayawashi taa, ndege zitaona. Kwa hiyo tunajifunga kitambaa cheupe cha parachuti, tunasimama ukingoni mwa shimo, dereva anafuata weupe wetu. Sasa dereva mmoja akapunguza mwendo, 'Dada mrembo, unaitwa nani?' Kila usiku. 'Dada mrembo, nikirudi nitakuoa.' Hamuoni, anaona kitambaa tu. Usiku mmoja mwezi ulikuwa mkubwa. Lụa akapanda kwenye ngazi ya lori, akavua kofia. 'Kaka, kagua bidhaa kwanza, usije ukasema uliuziwa gizani.'"

"Dereva akafanyaje?"

"Alicheka karibu atumbukie bondeni na risasi zake zote. Akampa sukari. Pakiti nzima! Kesho yake akauliza tena: 'Kipara yuko wapi? Nimekuja kuoa.'"

Thục Khuê alikuwa ameegemea nguzo, ameusahau urembo wake. "Na alikufaje?"

"Si kwa bendera. Tulikuwa tunahama pango, wali ulikuwa umeiva. Sufuria akanipa mimi nibebe, yeye akarudi kuchukua chumvi." Bibi alitazama kucha zake. "Lilikuwa bomu la kungoja, lile linalolala ardhini kisha likalipuka baadaye. Wengine tukaula ule wali baadaye, bila chumvi. Mwandishi wenu nilimwambia hilo. Akasema halina msisimko."

Kisha Thục Khuê akasema jambo ambalo mimi, na shahada yangu, sikulifikiria.

"Basi mimi siye Lụa. Mnivue jina lake. Bibi, ni jina tu, si nywele. Mnipe jina jingine, la Lụa apewe Yên."

Yên alikuwa mwanafunzi wa sanaa aliyeigiza Thắm mlafi. Alikuwa mfupi, mcheshi, na alikwisha kusema mara kadhaa kwamba angenyoa hata nyusi ili apewe mistari zaidi.

Bibi Thắm akamtazama yule msichana kwa muda mrefu. "Na wewe utaitwa nani?"

"Lolote."

"Niite mimi," Bibi akasema, na nikaona uso wake umeanza kupata ule ujanja wa viazi. "Thắm. Kama lazima mtu awe mrembo kwenye televisheni, kwa nini asiwe mimi? Sitalalamika. Nywele hadi kiunoni! Tena kijijini nitasema ndivyo nilivyokuwa, na walioniona wote wamekufa."

Tulikwenda kwa Trực sisi watatu. Alisikiliza huku anakunywa kahawa isiyo na sukari, maana kopo lilikuwa bado la marehemu. Kubadilisha majina hakukuwa shida. Kwetu sauti za tamthilia huingizwa studioni baadaye, na majina yale mawili ni mafupi sawasawa, midomo isingetuumbua. Vipande vilivyokwisha kupigwa havikuwa vingi. Akahesabu kwa vidole, akakubali. Kisha akasimama ghafla.

"Ngoja. Bibi. Mrembo anakufa sehemu ya mwisho. Na yule mchekeshaji anapona vita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Thắm atakufa. Lụa atapona."

"Mimi sina neno na hilo. Nitakufa na bendera, na hotuba ya dakika tatu. Mtu aliyepasuka tumbo hana pumzi ya hotuba, lakini nitajitahidi."

Sikuweza kujizuia. Mimi ndiye niliyepigania ukweli tangu siku ya kwanza, ndiye niliyeona aibu kwa kila shati lililopigwa pasi. "Lakini Bibi! Huo si ukweli. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Yeye ndiye aliyekufa."

"Nani aliyekuwepo, wewe au mimi?"

"Wewe, Bibi."

"Basi kipara nimewarekebishia," alisema. "Hayo mengine nyamaza."

Toại akamnyoa Yên kwa mkasi na kwa vidole, Bibi akimsimamia kama mjenzi. Hapa acha. Hapa ng'oa. Hivyo vitatu visimame. Jino la mbele wakalipaka wino mweusi. Yên alipotokea jioni ile kando ya lori, amejifunga kitambaa cheupe, akavua kofia na kucheka kama bata anayekabwa, Bibi Thắm alinishika mkono akaubana hadi vidole vikafa ganzi. Kundi zima lilingoja tusi, na tusi halikuja.

Wiki za mwisho tulipiga sehemu ya mwisho, ile ya miaka mingi baada ya vita. Bibi kizee anakwenda makaburini kumchomea ubani rafiki yake. Tangu mwanzo Trực alikuwa amemwahidi Bibi Thắm kwamba ataigiza mwenyewe hapo. Sasa aliyepona alikuwa Lụa. Bibi Thắm, basi, alikuwa Lụa mzee, na kaburi lililochongwa na watu wa mapambo liliandikwa Thắm.

Fundi wa taa hakulipenda hilo jina juu ya jiwe na mwenye jina akiwa hai. Alitaka lifunikwe hadi dakika ya mwisho. Bibi akamfukuza. Alikwenda kwa Toại kwanza, akakaa mbele ya kioo, akavua kofia yake ya sufu. Nywele zake mwenyewe zilikuwa chache, nyeupe, fupi.

"Nitie nywele," alisema.

"Bibi? Si Lụa alikuwa na..."

"Malaria ikiisha nywele huota, bwana. Mimi zangu ziliota. Angepona, zingeota. Nitie nyingi. Ndefu."

Toại alimvalisha nywele nyeupe ndefu, akazikusanya kisogoni kwa fundo zito. Bibi akageuza kichwa kushoto na kulia. Alijitazama muda mrefu kwenye kile kioo, kama mtu anayemtambua jamaa stesheni.

Maandishi yalimtaka alie. Alipiga magoti mbele ya kaburi, akawasha ubani, akauchomeka, akaweka viganja juu ya mapaja. Kamera ilikuwa inarekodi. Mabega yakaanza kutikisika, na safari hii sikukosea, nilijua ni kicheko. Akafunika mdomo kwa mkono, na kicheko kikatokea puani.

"We Thắm," akaliambia jiwe. "Mlafi wewe. Nilikupa sufuria unishikie, ukala peke yako. Nimengoja huko nyuma na chumvi yangu. Nimezeeka, nimeolewa na yule mpumbavu wa lori, nimezaa, nimepata wajukuu, nywele hizi hapa, tazama. Wewe umelala tu. Ama kweli ulikuwa mvivu tangu zamani."

Hayo hayakuwa kwenye maandishi. Niliangalia upande wa Trực. Mkono wake ulikuwa juu, tayari kukatisha, na uliendelea kubaki juu hadi ubani ulipoungua nusu na Bibi mwenyewe akageuka kusema magoti yanamuuma, je, wanangoja afe tena?

Wakati wa chakula Toại alimfuata azivue zile nywele, maana zilikuwa za kuazima na zina gharama. Bibi Thắm akakataa. Alikula tambi zake nazo kichwani, fundo limefunguka, ncha zikiingia kwenye mchuzi, na kila zilipoingia alizitoa kwa vidole viwili, akazirudisha nyuma ya bega kwa maringo, akaendelea kula.